Pedi za seramiki, diski mpya na mafuta ya DOT 4: baada ya kilomita 22,000

Pedi za breki hazisifiwi wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza zote zinashika, zote zimetoka kwenye boksi safi, na aliyezinunua anataka tu moyo wake utulie. Ndiyo maana nimekaa kimya miezi 14 na kilomita 22,000 kabla ya kuandika. Sasa nimezifungua mara tatu nikazipima, nimeshuka nazo mlima, nimeendesha nazo kwenye mvua, na mara moja nimezikanyaga kwa nguvu zangu zote kwa sababu mtoto alitokea barabarani akikimbilia mpira. Nina la kusema.

Ninachotathmini ni vitu vitatu vilivyofungwa siku moja: pedi za mbele za seramiki, diski mbili za mbele (sahani za chuma zinazobanwa na pedi), na mafuta ya breki ya daraja la DOT 4. Gari langu ni dogo, la otomatiki, injini ya lita 1.5, lina diski mbele na ngoma nyuma, na likiwa na watu wawili ndani lina uzito wa kilo 1,300 hivi. Jina la kampuni ya pedi sitalitaja. Pedi za aina hii zinauzwa kwa majina mengi, na jambo la kutazama haliko kwenye rangi ya boksi. Liko kwenye maandishi madogo yaliyochapwa mgongoni au ubavuni mwa pedi yenyewe, nami nitayafikia.

Nianze na siku iliyonipeleka dukani.

Nilikuwa nashuka mteremko wa kilomita saba hivi, baba yangu amekaa kiti cha pembeni. Gia iko D, kama ilivyokuwa tangu nyumbani, na mguu wangu umelala juu ya pedeli ya breki, unaibana kidogo kidogo bila kuiachia. Nilidhani huo ndio uangalifu. Tulipokuwa zaidi ya nusu ya mteremko baba akashusha kioo, akanusa, akasema, "Mama, kuna kitu kinaungua." Nikamjibu kwamba ni lori lililo mbele yetu. Kona mbili baadaye lori likawa limeshapotea na harufu bado iko nasi, kali, inayokwaruza koo. Kona ya tatu nikakanyaga breki na pedeli ikazama. Haikugoma kama kawaida yake. Ilikwenda chini laini, kama mtu anayekanyaga sponji, karibu iguse sakafu.

Baba hakupiga kelele. Alisema, "Pampu, pampu tena, shusha gia." Nikapampu. Mara ya tatu au ya nne pedeli ikapanda kidogo, nikavuta mkono wa gia hadi 2, kisha L, injini ikalia, gari likapungua mwendo, nikaliegesha pembeni kwenye eneo la changarawe na kumalizia kwa hendibreki niliyoivuta taratibu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba. Tulikaa pale kama dakika arobaini. Nilipokanyaga tena, pedeli ilikuwa imara kama vile hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, na mimi ningedanganyika kama baba asingekuwepo. Breki iliyorudi yenyewe baada ya kupoa haijapona. Imepoa tu.

Fundi aliyeifungua kesho yake alinionyesha magonjwa mawili, na nilipoyaelewa ndipo nilipojua cha kununua. La kwanza lilikuwa pedi. Zilikuwa za bei ya chini, nilizifungisha mwaka mmoja nyuma bila kuuliza lolote. Uso wake ulikuwa umeng'aa kama kioo, umeungua, na upande wa kulia pedi ya ndani ilikuwa imebaki milimita 3 huku ya nje ina 6. Tofauti hiyo haikuwa kosa la pedi: pini za kalipa, kile chombo kinachoshika na kubana pedi, zilikuwa zimekauka grisi, kalipa haitelezi, kwa hiyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. La pili lilikuwa mafuta ya breki. Alichovya kipimo chake kidogo chenye umbo la kalamu kwenye kopo la mafuta, taa nyekundu ikawaka. "Dada, haya mafuta yamekunywa maji," akaniambia. "Yamebadilishwa lini?" Sikuwa na jibu. Gari nililinunua miaka mitano nyuma na katika miaka hiyo yote nilikuwa nikibadilisha oili ya injini kwa wakati kabisa, wala sikuwahi kujua kwamba mafuta ya breki nayo yanabadilishwa.

Magonjwa haya mawili mguu unaweza kuyatofautisha, na naomba kila anayeendesha ayajue. Pedi ikizidiwa na joto, pedeli inabaki ngumu lakini gari halisimami: unabana, unabana zaidi, na gari linaendelea kama halijasikia. Mafuta yakichemka, pedeli yenyewe inalainika na kuzama. Sababu ni rahisi. Breki za gari hufanya kazi kwa sababu mafuta hayabanwi. Ukikanyaga, masta silinda inasukuma mafuta kwenye mabomba membamba, shinikizo lilelile linafika kwenye pistoni ya kila gurudumu, pistoni inasukuma pedi, pedi inabana diski. Lakini mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Mguu wako unakwenda chini kubana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Mimi nilikuwa na yote mawili kwa pamoja: pedi zilizoungua na mafuta yaliyochemka.

Joto hilo limetoka wapi? Hapa nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na hesabu hiyo imenibadilisha kuliko kitu kingine chochote. Gari la kilo 1,300 likiwa kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 500. Ukilisimamisha, nishati hiyo haipotei. Inageuka joto kwenye diski na ngoma. Inatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji baridi. Sasa mteremko ule unashuka kama mita 500 kutoka juu hadi chini. Kulishusha gari hilohilo mita 500 bila kuongeza mwendo ni kuondoa kilojuli zaidi ya 6,000, yaani kama kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mara kumi na mbili, mfululizo, bila kupumzika. Sehemu yake inachukuliwa na upepo, matairi na injini. Mimi nilikuwa kwenye D, injini inasaidia kidogo mno, na karibu mzigo wote nimeutwika pedi mbili za kila upande zenye ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua sikuuliza "pedi gani nzuri". Niliuliza zinavumilia joto kiasi gani, na zimepimwa na nani.

Pedi nilizochukua zina alama ya R90, kanuni ya kimataifa inayotaka pedi mbadala iwe na uwezo wa kusimamisha usiotofautiana na wa pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Pia zina herufi mbili, FF. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika hali ya kawaida, ya pili inaeleza msuguano zikiwa na joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G inapanda hadi 0.55. Ukiona F ikifuatwa na E, ujue pedi hiyo inalegea ikipata moto. Nilizitafuta herufi hizo kwenye pedi zangu za zamani kwa tochi. Hazikuwepo. Hakuna alama yoyote, hata namba ya toleo. Nilikuwa nimefunga kwenye gari langu kipande cha chuma kilichobandikwa kitu ambacho hakuna aliyekubali kukiandikia jina.

Mafuta nilichukua DOT 4. Kitabu cha gari kinaruhusu DOT 3 au DOT 4, na mfuniko wa kopo umeandikwa hivyohivyo. DOT 3 mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 hivi inashuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230 na ikinyonya maji hayo inashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Maji yanaingia polepole kupitia mipira na matundu ya kupumulia, hata gari likilala tu, kwa sababu mafuta haya kwa asili yake hunyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni mwaka mzima haifai kumiminwa kwenye breki, hata kama imejaa. Na mtu asichanganye DOT 5 na hizi nyingine: DOT 5 ni ya silikoni, haipatani nazo, ingawa namba inafanana na 5.1 kiasi cha kumpoteza mnunuzi mwenye haraka.

Kazi ya kufunga ilichukua asubuhi nzima, nami nilisimama pale pale. Fundi alisafisha kwa kemikali ya kusafishia breki na kitambaa, hakupuliza vumbi kwa kompresa, na nilimshukuru kwa hilo. Vumbi la breki si la kuvuta puani, na kwenye gari kuukuu huwezi kujua kama pedi au breki shuu za zamani zina asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Alitoa pini za kalipa, akazisugua, akazipaka grisi maalumu ya silikoni. Akasukuma pistoni ndani taratibu huku akiangalia kopo, maana ukisukuma pistoni mafuta yanarudi juu na yanaweza kufurika, na yakimwagika kwenye bodi yanakula rangi. Akafunga diski mpya, akapima kama zinazunguka bila kuyumba. Kisha akatoa upepo kwenye mfumo wote, gurudumu moja baada ya jingine kwa utaratibu wa kitabu cha gari, mimi nikikanyaga pedeli na yeye akifungua nati ndogo ya kutolea upepo, mpaka mafuta yaliyotoka yakawa safi kama maji bila povu.

Kuna jambo moja alilolisema mara mbili, nami nalirudia hapa kwa sauti ileile: baada ya kufunga pedi mpya, pampu pedeli mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pistoni zimesukumwa ndani, kuna nafasi kati yake na pedi, na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Watu wameshatoka gereji kinyumenyume na kugonga ukuta kwa sababu hiyo tu.

Sasa pedi zenyewe.

Kilomita 300 za kwanza nilizilea. Boksi lilikuja na karatasi yenye picha nne tu na hakuna neno hata moja kuhusu kuzizoesha pedi na diski, na hii ni lawama yangu ya kwanza kwa kampuni, lawama nzito. Fundi ndiye aliyenielekeza: tafuta barabara tupu, nenda kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi 10, usisimame kabisa, endesha kidogo zipoe, rudia kama mara kumi. Lengo ni pedi iache utando wake mwembamba, sawasawa, kwenye uso mzima wa diski. Ukisimama kabisa pedi zikiwa za moto na mguu ukabaki kwenye breki, utando unabandika doa sehemu moja, na baadaye unasikia usukani unatetemeka kila ukifunga breki. Mnunuzi asiye na fundi mwema angeyajulia wapi haya?

Wiki ya kwanza asubuhi zilikuwa zinalia, mlio mwembamba kwenye mkanyago wa kwanza na wa pili, halafu kimya. Zilipozoea, mlio ukaisha. Unarudi nikiosha gari au mvua ikinyesha usiku kucha, kwa sababu diski za chuma hushika kutu jepesi ndani ya saa chache. Mikanyago mitatu inalifuta. Mlio huo haunisumbui. Mlio wa kuogopa ni ule wa kibati cha kuonyea, chuma chembamba kinachogusa diski pedi zikiisha, ambao haukomi ukiendelea kuendesha. Na hapa nina lawama ya pili: kibati hicho kipo kwenye pedi ya ndani tu ya kila upande. Yangu ilipokwama iliila pedi ya ndani; kalipa ikikwama na ikaila ya nje, hakuna kitakachokuonya. Itabidi utazame kwa macho.

Zikiwa baridi kabisa, seramiki hizi hazishiki kwa ukali kama pedi nilizowahi kuendesha kwenye gari la baba, ambazo ni za mchanganyiko wenye chuma. Mkanyago wa kwanza wa alfajiri unahitaji mguu mzito kidogo. Siku ya pili mguu wangu ulikuwa umeshazoea, lakini anayehama kutoka pedi nyingine ajue. Zinachorudisha ni usafi na ulaini. Rimu zangu zamani zilikuwa nyeusi kila wiki. Sasa vumbi ni kidogo, la kijivu hafifu. Na breki inapanda kwa mpangilio: ukiongeza mguu kidogo, inaongeza kidogo. Hairuki.

Nilitaka namba, kwa hiyo siku moja tulikwenda uwanja mtupu wa lami kavu, baba na mimi, tukiwa na futi ya kupimia ya mita 30. Kutoka kilomita 50 kwa saa, mguu wote chini, mara sita, nikiacha zipoe kati ya mara na mara. Gari lilisimama kati ya mita 13 na 15. Lami ilipokuwa imelowa, mita 17 hadi 20. Hizo ni mita za breki peke yake. Hazihesabu muda wa kuona na kuhamisha mguu, na kwenye 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye 100 linakwenda karibu 28, na umbali wa breki hauwi mara mbili. Unakuwa mara nne, maana nishati inapanda kwa mraba wa mwendo. Baba alihesabu hatua hizo zote kwa miguu uwanjani, toka pale ningeona hatari hadi pale ambapo gari la 100 lingesimama, akafika mwisho wa lami akiwa bado hajamaliza.

Yule mtoto mwenye mpira. Ilikuwa mvua, nikiwa kama 45. Nilikanyaga mpaka mwisho, na pedeli ikaanza kunitingisha mguu, tatatata, na sauti kama ya mtu anayesaga mawe. Kama nisingekuwa nimeizoea pale uwanjani ningeachia, kwa kudhani nimevunja kitu. Ile ni ABS inafanya kazi yake: gurudumu likitaka kujifunga na kuteleza, mfumo unaachia shinikizo na kulibana tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Mfumo wa kisasa wa kidijitali wa namna hii wa magurudumu yote manne uliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1978, kazi ya Bosch na Mercedes-Benz, na faida yake kubwa ndiyo niliyoipata siku ile: gurudumu lisilojifunga bado linapinda. Niliendelea kukanyaga huku nikigeuza usukani kushoto, na gari likanifuata. Mtoto alibaki upande wa kulia amesimama na mpira wake. Nilizima gari pembeni nikakaa mpaka mikono iliponitii.

Kwa hiyo kwenye gari lenye ABS usipampu. Kanyaga kwa nguvu, usiachie, pindisha. Kupampu ni kwa gari lisilo na ABS linaloteleza, au kwa pedeli iliyozama kama yangu kule mlimani. Na mtu asidhani ABS inafupisha umbali kila mahali; kwenye changarawe au mchanga inaweza hata kuurefusha, kwa sababu gurudumu lililojifunga hujikusanyia kifusi mbele yake na lisilojifunga linapita juu. Pia ABS haiiongezi tairi kipara chochote. Diski husimamisha gurudumu; gari husimamishwa na tairi. Nisingezipa pedi hizi sifa ya siku ile bila kutaja kwamba matairi yangu yalikuwa na kina cha milimita 6.

Mlima ule nimeushuka tena mara sita. Sasa kabla ya kuanza kushuka naweka 2, na sehemu kali L, injini inashika gari, na breki naitumia kwa mikanyago imara mifupi: nabana mpaka mwendo ushuke, naachia kabisa, naacha upepo upooze diski. Mguu haulali tena juu ya pedeli. Nimenunua kipima joto cha kuelekeza kwa mbali, na chini ya mteremko diski zinasoma kati ya nyuzi 120 na 160. Pedeli haijawahi kulegea. Siwezi kusema ni pedi kiasi gani, mafuta kiasi gani, na gia kiasi gani, na kwa uaminifu naamini gia imefanya zaidi ya nusu ya kazi. Pedi zilezile kwa mguu wangu wa zamani zingenuka tu.

Vipimo vya wiki hii: pedi mpya zilikuwa milimita 12, sasa za kulia ni 8.5 ndani na 8.7 nje, za kushoto 8.6 na 8.6. Usawa huo ni wa pini zilizopakwa grisi. Diski zilikuwa milimita 22, zimefika 21.7, na kiwango cha mwisho kilichochapwa kwenye kitovu chake ni 20. Nikiendelea hivi pedi zitafika milimita 3, ambapo nitazitoa, baada ya zaidi ya kilomita 30,000 nyingine. Mafuta kwenye kopo yameshuka kidogo na sijayaongeza, kwa sababu pedi zikilika pistoni zinatoka nje na mafuta yanazifuata; kiwango kinachoshuka taratibu kinakuambia habari za pedi. Kikishuka ghafla, au taa nyekundu ya breki ikiwaka huku hendibreki iko chini, usiendeshe. Taa ya njano ya ABS peke yake maana yake breki za kawaida zipo lakini msaada ule wa kuzuia kuteleza haupo. Endesha polepole uende kwa fundi.

Ngoma za nyuma hazikuguswa isipokuwa kusafishwa na kukazwa waya wa hendibreki. Zinafanya kazi ndogo, zinafanya vizuri.

Busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki injini ikiwaka, naipima mwenyewe kila mwezi, dakika moja: injini imezimwa, nakanyaga mara tano hadi pedeli iwe ngumu, nabaki nimeikanyaga, nawasha. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inavuta. Jambo hili hili linaeleza kwa nini mtu asizime injini gari likiwa linashuka: baada ya mikanyago michache msaada wa busta unaisha, pedeli inakuwa kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Na chupa ya maji isiachwe ibingirike sakafuni mbele ya dereva. Niliikuta moja chini ya pedeli yangu mwezi uliopita, nikaitoa nikiwa natetemeka.

Nyota: mafuta ya DOT 4 tano, diski tano, pedi nne. Ile moja nimeiondoa kwa ajili ya karatasi isiyo na maelekezo ya kuzizoesha na kibati cha kuonyea cha upande mmoja. Anayevuta trela au kubeba mizigo mizito milimani nisingemshauri azichukue. Atafute za mchanganyiko wenye chuma, avumilie vumbi na kelele zake, maana zinahimili joto zaidi. Kwa gari dogo la familia ningezinunua tena kesho.

Chini ya boneti nimebandika karatasi yenye safu tatu: tarehe ya mafuta, unene wa pedi, kilomita. Mafuta yatatimiza miaka miwili baada ya miezi kumi. Baba ameshaandika tarehe hiyo kwenye kalenda yake pia.